Mtandio Uliosamehewa

Kila siku ya kazi, kabla ya saa moja asubuhi, nasimama mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa karibu na mlango wa nyumba yetu hapa Montréal, najifunga mtandio, natia pini moja chini ya kidevu na nyingine juu ya sikio la kushoto, ndipo navaa koti na buti. Shughuli hiyo hainichukui hata dakika mbili, na nimeifanya tangu nikiwa msichana wa Buyenzi, Bujumbura, bila kuitia maanani. Tangu mwaka 2019 naitia maanani kila nikishika pini. Mtandio wangu sasa una tarehe: 27 Machi 2019. Siku hiyo ilinikuta nikiwa mwalimu wa shule ya umma katika jimbo la Québec, Kanada, na kwa sababu hiyo tu nikasamehewa.

Kesho yake, tarehe 28 Machi, Waziri Simon Jolin-Barrette aliwasilisha katika bunge la jimbo muswada namba 21, ambao ulipitishwa Jumapili ya tarehe 16 Juni kwa kura 73 dhidi ya 35, baada ya serikali ya François Legault, Waziri Mkuu wa jimbo wakati huo, kuufupisha mjadala. Sheria hiyo, inayojiita sheria ya usekula wa dola, yaani kuitenga dola na dini, inawakataza walimu, wakuu wa shule na manaibu wao katika shule za umma, pamoja na polisi, waendesha mashtaka wa serikali, walinzi wa magereza na watumishi wengine kadhaa, kuvaa alama ya dini wakiwa kazini. Kwa mujibu wa kifungu cha 6, alama ya dini ni kitu chochote, iwe nguo, kito, pambo au kifuniko cha kichwa, kinachovaliwa kutokana na imani, au ambacho mtu mwenye busara akikiona atakichukua kuwa ni ishara ya kuwa mfuasi wa dini fulani. Mtandio umo, kilemba cha Kalasinga kimo, kofia ndogo ya Myahudi imo, na msalaba wa shingoni umo pia. Lakini aliyekuwa kazini tarehe 27 Machi haguswi na marufuku, almuradi abaki na kazi ile ile chini ya mwajiri yule yule. Akipandishwa cheo, au akihamia kwa mwajiri mwingine, msamaha wake umekwisha.

Masharti hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko nilivyousoma mkataba wangu wa kazi, na kila nikiyasoma narudi kwenye swali lile lile. Kama kitambaa kilicho kichwani mwangu kinamdhuru mtoto, kinamvuta kwenye dini yangu, au kinamfanya aone kwamba dola imekuwa na upande, kwa nini dola hiyo hiyo inaniacha niingie darasani nacho kila siku mpaka nitakapostaafu? Mkaguzi wa afya akikuta nyama imeoza buchani hasemi kwamba iliyoletwa kabla ya Jumatano iendelee kuuzwa. Waliotunga sheria hii wanajua kwamba hakuna mtoto aliyedhurika. Wangekuwa wanaamini vinginevyo wasingenisamehe.

Nafundisha darasa la mapokezi, yaani darasa la watoto waliofika nchini bila kujua Kifaransa, ambao hukaa nasi mpaka waweze kufuata masomo pamoja na wenzao. Mwaka huu nina watoto kutoka Haiti, Aljeria, Syria, Ukraine, Kolombia na Kongo. Mvulana mmoja wa Uvira, huko Kongo, alikaa siku nne bila kutoa neno, ameinamisha kichwa, mikono ameiweka chini ya mapaja. Siku ya tano nilipiga makofi kuwataka watoto wakusanye vitabu, na bila kukusudia ulimi wangu ukateleza: «Haya, haya, basi!» Akainua kichwa. Alinitazama kama aliyeona ndugu yake kwenye umati wa stendi, akaja mpaka mezani kwangu, akaninong'oneza: «Madamu, choo kiko wapi?» Tangu siku hiyo anaongea. Msichana wa Ukraine naye aliwahi kuniuliza, kwa Kifaransa chake cha miezi miwili, kama najifunika kwa sababu masikio yangu yanasikia baridi. Nilimwambia kwamba wanawake wengi wa kwetu na wa dini yangu hujifunika hivi, na kwamba ni kweli, wakati wa baridi kinasaidia. Akaridhika, akarudi kwenye daftari lake. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, mjadala wa mtandio kati yangu na watoto haujawahi kuvuka hapo.

Sitaki mtu anielewe kwamba watu wa Québec waliamka asubuhi moja wakiwa na chuki. Ukiishi hapa miaka mingi kama nilivyoishi mimi, unajifunza kwamba neno laïcité, ambalo kwetu tunaliita usekula, lina jeraha ndani yake. Mpaka miaka ya 1960 Kanisa Katoliki ndilo lililoshika shule, hospitali na ustawi wa jamii wa Wakatoliki wa jimbo hili. Wizara ya Elimu yenyewe iliundwa mwaka 1964, wakati wa mageuzi wanayoyaita Mapinduzi Tulivu. Mwenzangu mmoja, mwanamke aliyefundisha chumba cha pili kutoka changu kwa miaka mingi na ambaye sasa amestaafu, alinisimulia jinsi padri alivyokuwa akifika nyumbani kwao kumuuliza mama yake kwa nini mwaka umepita bila mimba, ilhali mama huyo alikuwa ameshazaa watoto tisa. Alifundishwa na watawa waliojifunika mpaka kwenye paji la uso, na kizazi chake ndicho kilichopigania kutoka kwenye mamlaka hayo. «Nikiona mtandio wako,» aliniambia siku moja tukila chakula cha mchana, «sikuoni wewe kwanza. Nawaona wale.» Nilimsikiliza, na sikuona tusi ndani ya maneno yake.

Mimi nami nina watawa wangu. Wakati wa Wabelgiji, shule za Burundi zilikuwa mikononi mwa misheni, na Waislamu wa Buyenzi, mtaa wetu wa Waswahili, walikuwa kando ya mfumo huo kwa namna nyingi. Mama yangu alipopelekwa shule, mtawa aliyesimama langoni alimwambia avue ushungi wake kabla ya kuingia. Mtawa huyo naye alikuwa amejifunika, na mama, aliyekuwa mtoto mdogo, alishangaa kuona kitambaa kimoja kikitoa amri na kingine kikitii. Alivua. Akasoma miaka mitatu, akajua kuandika barua, na mpaka alipofariki alikuwa akiisimulia habari hiyo bila uchungu: «Nilivua, nikasoma.» Namtaja kwa sababu watu wengi hapa, tena watu wema, huniuliza kwa nini walimu wa Kiislamu wasivue wakifika kazini na kuvaa tena wakitoka. Mama alifanya hivyo, na simlaumu. Nina rafiki Waislamu wasiojifunika, na sijawahi kumhubiria hata mmoja. Lakini mama alikuwa mtoto chini ya mkoloni, nami ni raia mwenye kura katika nchi iliyoniapisha kuwa wake, na sioni kwa nini nipewe masharti yale yale ya langoni.

Asubuhi ya kwanza ya kazi baada ya sheria kupitishwa, mwenzangu yule aliingia darasani kwangu kabla ya kengele, akafunga mlango, akaniambia kwamba anafurahi sheria imepita, na kwamba anafurahi sana kuwa mimi nabaki. Yote mawili aliyasema kwa sauti ile ile, na najua yote mawili yalitoka moyoni. Nikamwambia: «Kama unafurahi nabaki, basi kumbe kitambaa hakikusumbui.» Alifikiri kidogo, akajibu: «Wewe nakujua.»

Maneno hayo mawili yamenisaidia kuielewa sheria hii kuliko hotuba zote za bungeni. Tarehe 27 Machi iliwagawa wanawake wenye mitandio katika makundi mawili, wanaojulikana na wasiojulikana. Wanaojulikana wana majina, wana watoto waliowafundisha na wenzao wa kula nao chakula cha mchana, na kumfukuza mtu wa namna hiyo ni aibu ambayo hata serikali yenye kura nyingi haikutaka kuibeba. Wasiojulikana wamefungiwa mlango kabla hawajapata wa kuwajua.

Hata wasomi waliopewa kazi ya kulichunguza jambo hili hawakufika mbali hivyo. Mwaka 2007 serikali ya jimbo iliunda tume iliyoongozwa na mwanahistoria na mwanasosholojia Gérard Bouchard pamoja na mwanafalsafa Charles Taylor, na ripoti yao ya mwaka 2008 ilipendekeza marufuku kwa majaji, waendesha mashtaka, polisi na walinzi wa magereza, kwa hoja kwamba hao wana mamlaka ya kumlazimisha mtu kwa nguvu. Walimu hawakuwamo. Mwaka 2013 chama cha Parti Québécois, kilichokuwa madarakani jimboni, kilileta hati ya maadili iliyotaka kuwakataza watumishi wote wa umma, kikashindwa uchaguzi wa Aprili 2014 na hati ikafa. Kisha ikaja tarehe 29 Januari 2017, ambapo mtu mwenye bunduki aliingia katika msikiti wa jiji la Québec baada ya sala ya Isha, akawaua wanaume sita. Wiki chache baadaye Taylor alitangaza kwamba haungi mkono tena hata pendekezo lake mwenyewe. Miaka miwili baada ya mauaji hayo, sheria ilivuka mapendekezo ya tume yake na kuingia darasani.

Kuna hoja moja ya watu wa Québec ambayo naiheshimu kuliko nyingine zote, nayo inahusu neno tamaduni nyingi. Tarehe 8 Oktoba 1971 Waziri Mkuu Pierre Elliott Trudeau alitangaza kwamba Kanada itakuwa na lugha rasmi mbili lakini haitakuwa na utamaduni rasmi. Kwa wengi wa Toronto na Vancouver huo ulikuwa ukarimu. Kwa wengi wa Québec ulikuwa ujanja wa kuwapunguza, kwamba taifa zima la wasemao Kifaransa, lililobaki kama kisiwa katika bara la Kiingereza, sasa lihesabiwe kuwa kabila moja kati ya makabila mengi. Mtu wa Buyenzi analielewa hilo vizuri. Sisi tuliokua tukisema Kiswahili kati ya wenye Kirundi tunajua maana ya kuilinda lugha ya nyumbani dhidi ya wingi wa majirani. Lakini hapo ndipo ninaposhindwa kuwafuata, kwa maana kazi ninayoifanya kila siku, nikiwa na mtandio wangu, ni kuwafundisha Kifaransa watoto ambao kwa sehemu kubwa wangependa zaidi kujifunza Kiingereza cha michezo ya kompyuta. Mvulana wa Uvira ataoa, atalea na atapiga kura kwa Kifaransa. Anayeihofia lugha yake kufa alipaswa kuwatafuta walimu kama binti yangu kwa tochi.

Binti yangu alimaliza shahada ya miaka minne ya ualimu katika majira ya kuchipua ya mwaka 2023. Mwezi Agosti mwaka huo Waziri wa Elimu, Bernard Drainville, yule yule aliyekuwa ameileta hati ya maadili ya mwaka 2013, alitangaza kwamba zaidi ya nafasi 8,500 za walimu hazijajazwa, akasema lengo ni angalau kuwe na mtu mzima katika kila darasa. Mtu mzima, hakusema mwalimu. Nakumbuka tulikuwa jikoni, redio iko wazi, binti yangu anamenya viazi, na hakuna kati yetu aliyesema neno.

Alikuwa amejaza fomu za maombi. Nataka kuisimulia fomu moja, kwa sababu ilikuwa mezani petu kwa siku mbili na niliisoma yote. Québec ina sheria ya usawa wa ajira katika taasisi za umma, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ambayo inazitaka taasisi hizo kuwahesabu wanawake, wenyeji wa asili, watu wa makundi ya wachache wanaotambulika kwa rangi yao na wale wa makabila ya wachache, na kurekebisha upungufu wao kazini. Watu wenye ulemavu waliongezwa baadaye. Kwa hiyo kulikuwa na ukurasa wenye visanduku, na maelezo ya upole kwamba taasisi inathamini utofauti na inawahimiza watu wa makundi hayo waombe. Binti yangu alitia alama kwenye kisanduku cha mwanamke na kwenye kisanduku cha rangi. Aliyepiga simu baadaye alikuwa mpole vile vile. Alisema wasifu wake ni mzuri mno, kisha akauliza kama yuko tayari kuzingatia sheria ya usekula akiwa kazini. Binti yangu akasema hapana. Mazungumzo yakaisha kwa kutakiana heri.

Simlaumu mtu aliyepiga simu, maana naye sheria imemfunga. Lakini nimekaa nikiitafakari taasisi inayotaka kuihesabu ngozi ya mwanangu katika ripoti zake na haitaki kukiona kitambaa chake darasani. Wanautaka utofauti ambao mtu hakuuchagua, ule anaozaliwa nao na usioweza kumjibu mtu. Ule unaotoka ndani yake, anaouamini na anaoweza kuulizwa habari zake na mtoto, huo wanauogopa. Desemba 2021, katika mji mdogo wa Chelsea karibu na Gatineau, mwalimu wa shule ya msingi aliondolewa darasani kwa sababu ya hijabu yake. Hakufukuzwa, alipewa kazi nyingine: mradi wa kuwafundisha wanafunzi kuhusu utofauti na kutomtenga mtu. Wazazi na watoto walifunga riboni za kijani kwenye uzio wa shule. Nilipoziona picha zile nililia, nami si mtu wa kulia ovyo.

Mahakamani habari ni ndefu, na nitaipita upesi. Katiba ya Kanada ina kifungu cha 33 kinachoruhusu bunge kutangaza kwamba sheria yake itatumika hata kama inagongana na baadhi ya haki za msingi, kwa miaka mitano mitano, na serikali ya Québec ilikitumia tangu siku ya kwanza, ikakihuisha tena mwaka 2024. Jaji Marc-André Blanchard, katika hukumu ya tarehe 20 Aprili 2021, hakuficha kwamba mzigo wa sheria unawaangukia zaidi wanawake wa Kiislamu, lakini aliona mikono yake imefungwa kwa sehemu kubwa, akaziokoa tu shule za Kiingereza na wabunge. Tarehe 29 Februari 2024 Mahakama ya Rufani iliziondolea hata shule za Kiingereza nafuu hiyo. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kuisikiliza rufaa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna usemi wa Watanzania ambao shangazi zangu wa Kigoma wanaupenda, kwamba serikali haina dini lakini watu wake wanayo. Niliwahi kumtafsiria mwenzangu yule. Akasema ni maneno mazuri, lakini akauliza mwalimu yuko upande gani wa usemi huo: ni serikali, au ni mmoja wa watu? Lilikuwa swali halali, na nililala nalo. Jibu langu ni kwamba usekula unakaa katika ninachokifanya. Nikimnyima mtoto alama kwa sababu ya dini yake, nikimwita kusali, nikidharau imani ya nyumbani kwao au kutokuwa na imani kwao, nifukuzwe siku hiyo hiyo, nami nitasema ni haki. Msalaba uliowekwa juu ya kiti cha Spika wa bunge la Québec mwaka 1936 ulikuwa wa dola, na ni sawa kwamba uliondolewa Julai 2019. Msalaba mkubwa wa Mont Royal, unaowaka usiku tangu mwaka 1924, naona wauache. Watoto wangu wamekua wakiutazama kupitia dirisha la basi. Kichwa changu si jengo la serikali.

Binti yangu anafundisha Ottawa sasa, katika shule ya Kifaransa ya umma ya jimbo la Ontario. Kati ya Ottawa na Gatineau, mji wa Québec ulio ng'ambo, kuna mto na madaraja, na watu huvuka kwenda kazini kama tulivyokuwa tukivuka kutoka Buyenzi kwenda sokoni. Upande mmoja wa daraja ni mwalimu, upande wa pili hana sifa. Hunipigia Jumapili jioni na kuniuliza namna ya kumfundisha mtoto asiyetaka kushika kalamu, nami humweleza, na siku nyingine tunafika saa nne za usiku tukizungumzia kalamu tu.

Mwishoni mwa mwaka wa masomo wa 2024 mkuu wa shule yetu aliniita ofisini. Alisema naibu wake anahama, kwamba wazazi wananiheshimu na walimu wananisikiliza, na kwamba angependa niombe nafasi hiyo. Alikuwa amekwisha kuandaa karatasi. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia kwamba siwezi. Aliuliza kwa nini, kwa mshangao wa kweli, na hapo ndipo nilipotambua kwamba alikuwa amesahau. Nilinyanyua mkono nikagusa pini iliyo juu ya sikio langu la kushoto. Alikitazama kitambaa, macho yake yakabaki hapo kwa muda, kisha akazirudisha karatasi ndani ya bahasha taratibu, na huko nje kengele ya kumaliza mapumziko ikalia.